Usukani Uliotiwa Chumvi

Bisun Deo aliwahi kuweka ahadi kubwa mbili. Ya kwanza alimwekea mkewe, kwamba hatavuta sigara ndani ya nyumba, na aliitimiza mpaka mama wa watu akafariki: alivutia mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine nje. Ya pili alimwekea binti yake Urmila, muuguzi wa huko Brisbane, kwamba siku atakaposhindwa kuligeuza trekta lake kwa mikono yake mwenyewe, ataacha kilimo cha miwa, atafunga nyumba na kwenda kukaa naye. Hiyo aliitoa kwa simu, miaka sita iliyopita, mvua ikinyesha na laini ikikatikakatika. Mtu hukubali mengi kwenye simu, hasa akiwa bado ana misuli.

Sasa misuli ilikuwa imeanza kumsaliti, au ndivyo alivyoamini. Kwa mwezi mzima usukani wa trekta ulikuwa ukizidi kuwa mzito. Mwanzoni ilikuwa kwenye kona tu, baadaye hata kwenye njia iliyonyooka, na trekta lenyewe likawa linaguna kila alipolizungusha, sauti nene ya mtu aliyeamshwa usingizini. Lilikuwa trekta jekundu la mwaka sabini na nane, ambalo halijapata kumsumbua zaidi ya kawaida. Bisun alijipigia hesabu: trekta lina miaka yake, yeye ana sitini na tisa, na kati ya wawili hao anayeamka akiumwa mgongo alimjua. Alikumbuka kwamba uzito ulianza juma lile alipokula samaki mkubwa aliyeletewa na jirani yake Apenisa, na kwa siku kadhaa alimshuku samaki.

Hakumwambia mtu. Kila alfajiri, kabla hajawasha taa ya ibada, alijificha nyuma ya banda la ng'ombe akanyanyua madumu mawili ya maji, lita ishirini kila mkono, mara kumi na tano, ng'ombe akimtazama. Alimeza mayai mabichi. Alijipaka mabegani mafuta ya nazi yenye kafuri, mpaka wakata miwa wakawa wanajua anakuja kabla hajaonekana. Mikono ikakaza kweli, mashati yakaanza kumbana. Lakini kadiri ilivyokaza ndivyo usukani nao ulivyozidi kugoma, akabaki palepale.

Aliogopa, tusimfichie. Aliwahi kukaa Brisbane majuma matatu, mwezi wa Julai, ghorofa ya nne, kwenye kiti kizuri sana mbele ya dirisha lililotazama uwanja wa kuegesha magari. Alihesabu magari. Kufikia siku ya kumi alikuwa anayajua kwa nambari, na jioni moja gari la kijani liliposhindwa kurudi hakuweza kula. Hakutaka kufia kwenye kiti kile.

Urmila alifika Jumanne, mchana. Bisun alikuwa amepanga kuingia uani kwa madaha. Aliposikia teksi ya kutoka mjini Labasa ikisimama, aliwasha trekta akateremka nalo kutoka shambani, kofia imekaa upande. Pale langoni ndipo penye kona ya kushoto. Alivuta usukani kwa mikono miwili, akainuka kitini, akauning'inia kwa uzito wake wote. Trekta liliguna, likaendelea na safari yake.

"Baba! Breki! Baba, breki!"

"Breki ipo! Usukani ndio haupo!"

Lilipita katikati ya kitalu cha maharage, likazoa kamba ya nguo pamoja na vilivyoanikwa, na breki alikuja kuikanyaga pua ikiwa imeshagusa banda la ng'ombe. Shati lake jeupe la kwenda hekaluni lilikuwa limening'inia kwenye bomba la moshi na kuanza kubadilika rangi. Bisun alishuka taratibu, akalitoa shati, akalikung'uta.

"Umetuletea hali nzuri ya hewa," alisema.

Urmila alitazama maharage, akatazama mikono ya baba yake. "Baba, mikono inatetemeka."

"Ni injini."

"Injini umeizima."

Bisun aliitia mikono mfukoni. Nyuma ya binti yake lilisimama sanduku jipya la zambarau, kubwa, lenye magurudumu manne. Urmila aliona analitazama.

"Nimekununulia wewe," alisema, na sauti yake ikalainika. "Hebu lisukume. Kidole kimoja tu, linageuka lenyewe."

Alilisukuma kwa kidole kimoja. Liligeuka lenyewe, bila kuguna, na tangu dakika ile Bisun alilichukia.

Jioni, walipokuwa wakila roti na mchicha, mambo yakawekwa mezani. Ndege ilikuwa Ijumaa asubuhi. Urmila alikuwa amekata tiketi mbili.

"Ya pili ya nani?"

"Baba, usinifanyie hivyo. Uliahidi."

"Si mimi, ni trekta." Yeye mwenyewe hakuamini, lakini alilisema kwa nguvu.

"Wazee wangu wote wodini husema hivyo. Mzee akianguka, ni viatu. Akisahau jina la mwanawe, ni mwanawe amebadilika sura." Urmila aliweka roti chini. "Mama alianguka hapo jikoni, wewe uko shambani. Mimi nikapigiwa simu na jirani, niko kazini, nimeshika sindano mkononi. Sitaki kupigiwa simu ile tena. Sitaki."

Bisun alijua ni kweli. Alimega roti, akaikunja, akaikunjua.

"Tumpe Kuppa alitazame," alisema hatimaye. "Kuppa akisema ni mimi, ninapanda ndege yako."

"Hadi Alhamisi jioni. Na Kuppa asinyanyue kitu wala kuvuta kitu. Ngiri yake imeshonwa juzi tu, mkewe kaniambia."

Kuppusami, ambaye kila mtu alimwita Kuppa, alikuwa na gereji ya mabati hatua mia mbili kutoka kwa Bisun. Bahati nzuri barabara hiyo haina kona hata moja. Jumatano baada ya chakula cha mchana Bisun alilipeleka trekta, likinyooka kama lilivyopenda, Urmila akitembea ubavuni na kumtazama kama anavyotazamwa mgonjwa anayejaribu ngazi. Kuppa alikuwa ameketi kwenye kigoda, mto umefungwa tumboni, spana mkononi, ya kuelekezea tu. Hakuruhusiwa kugusa zaidi ya hiyo.

"Kaka, umenenepa shingo," alisema.

"Ni baridi," akasema Bisun.

"Haya. Tuanze na vya bure. Upepo wa matairi?"

Upepo ulikuwa sawa. Kuppa akamwagiza Bisun aweke jeki chini ya ekseli ya mbele, anyanyue mpaka magurudumu yaachane na ardhi, kisha azungushe usukani injini ikiwa imezimwa. Ulizunguka, kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, bila kukwama.

"Basi maungio hayajakamata," alisema Kuppa. "Ingekuwa kutu au grisi imekauka, hapo usingegeuza kitu. Sasa washa."

Injini ikawaka. Kuppa alimpa Bisun bisibisi ndefu, ncha igusishwe kwenye pampu ya usukani, mpini uwekwe sikioni. "Unasikia nini?"

"Mtu anasukutua."

"Ehe! Pampu haipati mafuta ya kushika. Inakunywa hewa, au inakunywa kitu kingine. Zima. Fungua tangi lake."

Tangi la mafuta ya usukani lilikaa chini, ubavuni mwa injini, ukubwa wa kopo la maziwa. Juu yake hapakuwa na kizibo. Palikuwa na tambara lililosokomezwa, na ukilitazama vizuri lilikuwa kipande cha kitambaa cha kuchujia kava, kinywaji cha mizizi chenye rangi ya tope.

"Kizibo kiko wapi?"

"Kilipotea."

"Lini?"

"Kabla ya kimbunga."

"Kimbunga kipi?"

Urmila, aliyekuwa ameketi juu ya gogo, alikohoa.

Ilibidi mafuta yamwagwe yaonekane. Karai la kumwagia oili la Kuppa lilikuwepo, ila kuku alikuwa amelalia mayai kumi na moja ndani yake na bado siku nne, kwa hiyo Kuppa akachukua beseni la plastiki la kava lililokuwa limefunikwa mkekani. "Mke wangu akiuliza," alisema, "hamkuniona." Bisun akalegeza mpira wa chini.

Mafuta mazuri ya usukani huwa angavu, unaona kidole chako upande wa pili. Kilichotoka kilikuwa kizito, cha rangi ya kijivu iliyochanganyika na udongo, na povu juu. Walikizunguka, wakakitazama.

"Kava kabisa," alisema Bisun.

"Tena iliyokolea kuliko ya Apenisa." Kuppa alichota kwa kifuu, kifuu kilekile cha kunywea, akakiinua kwenye mwanga. "Haya ni mafuta yaliyoingiwa na maji. Yakichapwa na pampu yanageuka povu, na povu halisukumi gurudumu. Wewe ulikuwa unageuza tani mbili za chuma kwa mikono mitupu. Kaka, mikono yako haina kosa!"

Bisun alisikia kitu kikimtoka kifuani ambacho kilikuwa kimekaa mwezi mzima. Alitaka kumbusu Kuppa, ngiri na mto wake. Aligeuka kumtazama binti yake, akakuta hana furaha hata chembe.

"Na maji yameingiaje?" aliuliza Urmila.

Kuppa alichungulia mawingu.

"Mvua?" alijaribu Kuppa.

"Trekta linalala bandani," akasema Bisun kwa majivuno, kabla hajafikiri.

"Baba." Urmila alikuwa ameinuka, amechuchumaa mbele yake, na ametumia ile sauti. Bisun aliijua, ni ile wanayotumia wodini. "Rejeta unaiwekea maji kila asubuhi, sivyo? Na tangi hili liko hapo hapo karibu na rejeta. Je, hukuchanganya? Siku moja tu? Si aibu."

"Mimi! Maji kwenye mafuta!"

"Kuna mtu mwingine aliyelitumia trekta?"

"Hakuna," alisema Bisun, na hakuwa anadanganya. Apenisa hakumhesabu. Apenisa alikuwa akija kuomba vitu vyake miaka arobaini, na huku kwetu jirani akikuomba kitu hukatai, unamuuliza tu kitarudi lini, kwa adabu, naye anakujibu kwa adabu, na siku inapita. Kumwita huyo mtu mwingine kusingemjia akilini.

"Leo siku gani, baba?"

"Siku ya balaa."

"Baba."

"Jumatano."

"Mia moja, toa saba."

"Tisini na tatu."

"Toa saba tena."

Bisun alitazama paa. Kuppa naye alikuwa akihesabu vidole chini ya mto, midomo ikicheza. "Themanini na... hata mimi siipati," alinong'ona.

"Hiyo ilinishinda darasa la nne!" alifoka Bisun. "Muulize mwalimu wangu!"

"Mwalimu wako alishakufa."

"Na hilo nalo nimelisababisha mimi?"

Lakini alikuwa amekwisha kuishiwa. Mikono ilikuwa imeachiwa huru, na papo hapo kichwa kimekamatwa. Na kwa kichwa hakuna madumu ya kunyanyua nyuma ya banda. Je, kama kweli aliweka maji? Angekumbukaje kitu alichokifanya kwa kusahau? Alikiona kile kiti, dirisha, gari la kijani. Akaketi mkekani kando ya beseni. Kuppa, kwa huruma, akateremka kigodani akaketi naye, kifuu bado mkononi, na Urmila akaketi upande wa pili kwa sababu miguu ilimchoka. Wote watatu wakaliinamia beseni.

Hivyo ndivyo Apenisa alivyowakuta.

Apenisa alikuwa shemasi wa kanisa la pwani, mtu mpana, mwenye sauti ya kuhubiria na tabia ya kutia chumvi. Akivua samaki wawili, njiani wanakuwa ishirini. Aliwahi kueleza jinsi alivyomgombeza papa kwa Kifijii cha heshima, lugha ya mababu zake, mpaka papa akaomba radhi. Yeye na Bisun waliitana shemeji bila kuoleana, ili wapate kutukanana kwa uhuru. Siku hiyo alikuwa na mafua makali, pua imeziba kabisa. Aliona mkeka, aliona beseni, aliona watu watatu wamelizunguka kwa heshima, na mmoja ameshika kifuu kilichojaa.

"Shemeji! Mnakunywa bila kuniita? Mwanangu Urmila, karibu nyumbani! Ndiyo maana nilikuwa napiga chafya, nilijua kuna watu wananisengenya." Alikuwa ameshaketi, miguu imekunjwa. Alipiga kofi moja kama inavyopasa, akakipokea kifuu kutoka mkononi mwa Kuppa aliyekuwa ameduwaa, akasema, "Bula!" na kukimimina.

"Mjomba, hapana!" alipaza sauti Urmila.

Kifuu cha kava hakionjwi, kinanywewa mara moja. Ndivyo alivyolelewa. Macho yake yalikua makubwa, mashavu yakavimba, na kwa sekunde mbili Apenisa alipigana na adabu yake mwenyewe. Kisha akageuka, akayatema yote kwenye majani, pamoja na maneno ambayo shemasi hapaswi kuyajua. Urmila alikuwa ameshamfikia na dumu la maji. "Sukutua! Tema! Usimeze! Umemeza?"

"Hata tone." Alisukutua, akatema. "Mnataka kuniua? Hii kava ya wapi?"

"Ya trekta la Bisun," alisema Kuppa. "Ni mafuta ya usukani, yameingia maji."

Apenisa alijifuta ulimi kwa kiganja. "Yana chumvi," alisema.

"Na wewe kila kitu unakitia chumvi," alisema Kuppa.

"Nakwambia yana chumvi! Nimekulia pwani, nisijue ladha ya maji ya bahari? Hayo ni maji ya..."

Alikuwa ameanza sentensi ile kama shahidi, na katikati yake akagundua kuwa ndiye mshitakiwa. Kuppa alichovya kidole kwenye beseni, akakigusisha ulimini, akatema. Akamtazama Apenisa. Bisun naye alimtazama.

"Shemeji," alisema Bisun polepole. "Mwezi uliopita ulinichukulia trekta siku mbili. Ukasema unabeba mbao za kanisa."

"Nilibeba mbao."

"Ulilirudisha limeoshwa. Linang'aa. Nikashangaa."

"Nilikwambia yote!" Apenisa alipandisha sauti. "Siku ileile! Nilikuja kwako na mizizi ya kava na samaki, yule mkubwa. Nikaketi chini, nikainamisha kichwa, nikatamka maneno ya kuomba msamaha, yale ya wazee, sikuruka hata moja. Nikaeleza: boti la kanisa lilikwama, tukaliingiza trekta ufukweni tulivute, magurudumu yakazama mchangani, maji yakajaa, likakaa baharini mpaka kifuani, saa sita, shemeji, saa sita! Vijana thelathini tukalitoa tunaimba. Tukabadilisha oili ya injini, tukaosha, tukapaka mafuta ya nazi. Hicho kikopo cha pembeni hakuna aliyekikumbuka. Na wewe ukaupokea msamaha! Ukapiga makofi matatu!"

"Nilidhani unanishukuru!"

"Nilitaja bahari mara nne!"

"Nilidhani unanihadithia samaki!" Bisun alishika kichwa. "Apenisa, Kifijii changu ni cha sokoni. Ukitaja bei nakuelewa. Ukianza habari za mababu nangoja unyamaze, napiga makofi, tunakunywa!"

"Makofi ni makofi, kaka," alisema Kuppa, ambaye alikuwa ameanza kushika kidonda chake kwa kicheko. "Umeshamsamehe. Huwezi kumdai tena."

"Nani anamdai?" Bisun alikuwa amesimama. Alimwangukia Apenisa shingoni akamkumbatia, mzee wa watu, machozi yakimtoka. "Shemeji, umelizamisha trekta langu baharini! Asante! Asante sana!"

Apenisa aliyekuwa amejiandaa kwa matusi hakujua aiweke wapi mikono yake.

Urmila hakuwa amecheka. Alimwambia baba yake ashushe jeki. Magurudumu yalipokaa chini alipanda mwenyewe kitini, akaushika usukani, usio na tone la mafuta nyuma yake, akavuta. Alikuwa mwanamke mwenye nguvu, ambaye huwageuza wagonjwa wazito kitandani kila siku. Alivuta kwa mkono mmoja, kwa miwili, akakanyaga sakafu ya trekta na kuvuta kwa mgongo. Ulisogea upana wa kiganja. Akashuka, akaivuta mikono ya baba yake kutoka mfukoni, akaifungua. Malengelenge yalikuwa yamepasuka, mengine yakaota juu yake.

"Mwezi mzima hivi? Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Kwamba mikono imekwisha? Ungekuja na ndege siku hiyohiyo." Kisha akalisema lile lenyewe. "Naliogopa lile dirisha lako, mwanangu. Nakupenda wewe, dirisha naliogopa."

"Na mimi naiogopa simu," alisema Urmila. Hakuiachia mikono.

Alhamisi nzima ilikwenda kwenye kazi. Kuppa aliamuru kutoka kigodani. Chujio la ndani ya tangi likatolewa, likaoshwa kwa dizeli. Mafuta ya bei nafuu yakajazwa, yakazungushwa, yakamwagwa. Mara ya pili, mara ya tatu, mpaka yakatoka angavu. Ndipo yakatiwa mafuta mapya. Kutoa hewa iliyobaki kulimwangukia Apenisa. Alikaa kitini, magurudumu yakiwa juu ya jeki na injini ikinguruma chini chini, akazungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, taratibu, mara arobaini, huku Kuppa akichungulia mapovu yakipanda na kumalizika. Kila baada ya mizunguko kumi Apenisa aliuliza kama Mungu naye ameshapiga makofi. Kizibo halisi kilipatikana Labasa, kwa muuza vyuma chakavu. Beseni Kuppa alilizika. Mkewe bado analitafuta.

Jioni ile Urmila alisimama langoni. Alikuwa ameliburura lile sanduku la zambarau akalisimamisha katikati ya njia, pale penye kona.

"Ahadi ni ile ile," alisema. "Njoo kutoka barabarani, kata kona, lizunguke sanduku, uingie uani. Ukiweza, kesho naondoka peke yangu."

Apenisa na Kuppa walisimama kando ya kilichobaki cha maharage. Bisun alipanda, akaweka kofia upande, akaja kwa mwendo wa kutosha. Alifika konani. Akakumbuka jinsi kona ile ilivyomwaibisha Jumanne, akakaza meno, akaushika usukani kwa mikono miwili na kuuvuta kama alivyouvuta mwezi mzima, kwa mayai yote na madumu yote.

Hakukuwa na kilichomzuia. Usukani ulizunguka mpaka mwisho kabla hajamaliza kuvuta, na trekta likageuka papo hapo, kushoto, likapanda juu ya sanduku kwa gurudumu la mbele, likatua, likapanda tena kwa lile kubwa la nyuma. Palisikika mlio mmoja mkavu. Gurudumu dogo jeusi liliruka, likabingirika hadi miguuni pa ng'ombe.

Bisun alizima injini.

"Baba," alisema Urmila. "Umefanya makusudi."

"Pawa ya usukani hiyo, mwanangu." Aliinua kidole kimoja kumwonyesha. "Imekuwa nyepesi mno."

Alishuka. Alilitazama sanduku, lililokuwa bapa na bado zambarau, na jambo fulani likamjia. Akaokota mpini wake, akaja mbele ya binti yake, akaketi chini kwenye vumbi, miguu imekunjwa, akainamisha kichwa. Akaanza kuomba msamaha kwa maneno ya wazee wa Apenisa, kwa Kifijii chake cha sokoni, akikosea nusu yake na kuijazia nusu nyingine kwa majina ya mboga. Aliomba msamaha kwa ajili ya sanduku. Akaomba kwa ajili ya tiketi. Akaomba kwa ajili ya simu ambazo huenda zikapigwa siku moja, na kwa kuwa mzee mbishi, na kwa siku ile ya jikoni, ambayo hakuwahi kuitaja tangu mazishi. Apenisa alianza kumsahihisha, Kuppa akamkanyaga mguu.

Alipomaliza hakuinua kichwa. Alingoja, mpini mkononi.

Urmila alikuwa amesoma shule moja na watoto wa Apenisa, na Kifijii chake kilikuwa kizuri kuliko cha baba yake mara kumi. Alikuwa ameelewa kila neno, hata zile mboga. Alijua vizuri nini anakipokea akipiga, na kwamba akishapiga hawezi kukidai tena.

Alipangusa macho kwa mkono wa blauzi, akaketi naye vumbini, akapiga makofi matatu.